Nyumba Iliyokataa Kusimama Kwenye Kompyuta

Musila alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba mjini Kitengela tangu enzi za karatasi na wembe, mstari ukikosewa unakwanguliwa hadi karatasi inaona haya. Kompyuta zilipoingia ofisini alizikubali shingo upande, akajifunza kuchora humo. Uvivu wake alihama nao. Mteja akitaka chumba kiongezwe kidogo, Musila hakujisumbua kusogeza ukuta. Alifuta kipimo akaandika kingine juu ya mstari uleule. Wenzake wengi walifanya hivyo, na nyumba zilitoka sawa, maana fundi hufuata namba, hapimi mchoro. Nani angejua?

Mwaka wa 2007, kampuni iliyojenga mtaa mmoja kando ya barabara ya Namanga kwa ramani za Musila ilitaka awamu ya pili ya nyumba zilezile. Safari hii wanunuzi walikuwa ng'ambo. Walitaka kuiona nyumba imesimama kwenye kompyuta, wabadilishe dirisha au jikoni wapendavyo. Injinia Wakhungu, mwenye ofisi, akamwita Musila.

"File za phase one si uko nazo? Zigeuze ziwe modeli. Ukiweza, hiyo kazi yote ni yako. Ukishindwa, sitakuwa na kazi ingine ya kukupa. Tusidanganyane."

"Nitaweza, injinia."

Ilibidi aweze. Nje ya ramani hakujua kazi nyingine, na mkewe Kalunde alimtegemea yeye tu.

Lakini programu ya kuinua modeli haikujali namba zilizoandikwa, ilifuata mistari. Musila aliingiza ramani, akainua kuta. Ngazi ilitoboa dari. Mlango wa bafu ulifungukia ukutani, na chumba cha watoto kikawa kabati. Alinyoosha ukuta huu, ule ukapinda. Alikuwa amebadilisha vipimo mara nyingi mno, hata yeye hakukumbuka wapi. Aliona aibu, jamani, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Wakhungu alipokuja kutazama alicheka kwanza, kisha hakucheka.

"Hii ndio umekuwa ukinichorea miaka hii yote?"

Musila akaizima skrini.

Kazi akapewa Elsie, aliyetoka chuoni juzijuzi. Naye hakuwa mchawi. Alisema tu kwamba ni rahisi kwenda kupima nyumba zilizokwisha kujengwa kuliko kufufua faili zile, ila alihitaji mtu wa kushika ncha ya tepu ya kupimia.

"Mzee Musila, si utanisaidia? Mpaka tumalize tu."

Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Musila akaenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Jacinta, mwalimu wa shule ya msingi, aliyewapa chai na kuwatembeza kila chumba. Hewa ilipita vizuri, na ngazi ilipanda pasipo kumchosha mtu. Musila alizigusa kuta akipita. Hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile, na ilikuwa nzuri kuliko alivyodhani.

"Mimi hii nyumba naipenda sana," Jacinta alisema. "Nani aliichora?"

"Ni mimi, mwalimu," Musila akajibu upesi.

Jacinta alimtazama, akatazama na tepu mkononi mwake, akacheka kwa upole.

"Ai, mzee! Kama ni wewe uliichora, sasa mbona unaipima?"

Elsie alijifanya hakusikia. Musila akainama, akabana ncha ya tepu ukutani, akangoja asomewe kipimo.