Siku Niliyompeleka Shangazi Kuishtaki Televisheni

Kuna ukumbi mmoja Malindi, nyuma ya soko, ambao siku hizi nikiukaribia navuka barabara, hata kama kivuli chote kipo upande wake, maana mle wamo watu ambao wakiniona tu watacheka, na haki yao wanayo. Nimezurura sana maishani, Lamu nimekaa, Mombasa nimekaa, Taveta nimewahi kuuza vitunguu, na kote huko nimeaibika kwa kiasi changu, lakini aibu ya ukumbi ule, jamani, niliitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi Matsangoni kumsalimu shangazi Kadzo, dada ya baba, aliyenilea. (Kila nikichoka na dunia hurudi kwake, naye hunigombeza huku akinipikia.) Nikiwa mbali, mimi humkumbuka shangazi kwa mgongo wake: anakwenda kuteka maji, amevaa hando lake, ile sketi nyeupe ya matabaka ya akina mama wa Kigiriama, inayopanuka kiunoni na kuyumba kwa kila hatua. Basi safari hii nikamkuta amejifunga leso tu. Nikauliza, akanituma kuni. Jirani ndiye aliyeninong'oneza: televisheni ilikuwa imeonyesha kipindi cha vichekesho, mwanamume kavaa hando, anaiba kuku sokoni na kuwaficha humo, na tangu siku ile watoto wakimwona shangazi humfuata wakiuliza, "Bibi, leo umebeba kuku wangapi?" Akalivua, akalikunja, akalifungia sandukuni.

Roho iliniuma, wallahi. Na ningeumia kimyakimya yasingetokea yaliyotokea, lakini nilikwenda hotelini kwa Bakari kunywa chai, nikakuta watu wanakizungumza kipindi hicho, nikapiga meza. "Mtazamaji ana haki ya kushtaki! Sheria ipo!"

Bakari akaacha kumimina chai. "Karisa, wewe mwanasheria tangu lini?"

"Mimi nimefanya kazi katika ofisi ya wakili Mombasa!" (Nilikuwa nafagia. Lakini anayefagia husikia mengi.)

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta shangazi mlangoni, uso umemng'aa kama nilivyokuwa sijauona uking'aa siku nyingi. "Mwanangu, kumbe inawezekana?"

Sasa hapo ungemwambia nini? Nikamwambia inawezekana sana.

Juma lile lile ikatangazwa kwamba mawakili watatoa ushauri wa bure Malindi. Shangazi akawakusanya wenzake wa kikundi cha ngoma, hando akalitia kikapuni liwe ushahidi, mimi nikaazima tai kwa mwalimu jirani. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, watu wa Jilore na kesi zao za mashamba, wajane, wapangaji, na zamu yetu ilipofika nilisimama nikanguruma kama mbunge: heshima ya mama zetu imekanyagwa, sisi watazamaji hatutanyamaza, tunataka mahakama!

Wakili, mwanamke mpole wa kutoka bara, alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akatueleza kwamba mtazamaji anaweza kulalamika kwa kituo chenyewe, asiporidhika apeleke malalamiko yake serikalini, lakini kwenda mahakamani ni jambo jingine, kwa sababu kuudhika peke yake hakutoshi, itabidi uonyeshe kuwa aliyesemwa ni wewe na kwamba umeumizwa. "Na kipindi chenyewe," akauliza, "mmekitazama?"

Akina mama wakanigeukia. Wao hawana televisheni. Nami nilikuwa sijakitazama. (Mtazamaji gani mimi!)

"Basi tukione," akasema, akakitafuta kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa na ule mtambo wa kuonyesha picha ukutani, ukumbi mzima ukawa unatazama.

Nilikunja uso kama mtu aliyekuja kushtaki. Akatokea yule bwana na hando lake, akakutana na polisi, akaanza kumwamkia kwa adabu, shikamoo baba, habari za watoto, na kumbe nyuma kuku mmoja ametoa kichwa, anachungulia huku na huku, naye bwana anamsukuma arudi ndani kwa kiwiko huku salamu zinaendelea, mbuzi hawajambo, mahindi hayajambo...

Kilinitoka. Si kicheko cha kuziba kwa mkono, ni kile cha kutoka tumboni, na nilicheka peke yangu, nimesimama, na tai ya watu shingoni, machozi yananitiririka, na kila nikijaribu kukoma namwona yule kuku.

Wakili akazima picha. "Ndugu yangu, kesi hii ikifika kwa hakimu, wewe utakuwa shahidi wa hao wa televisheni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alimtazama wakili, akauliza polepole, "Yule kijana wa televisheni simjui, hanijui. Huyu nimemlea. Je, mtazamaji naye hushtakiwa?"

Kicheko changu kilikauka pale pale. Nikapiga magoti mbele ya watu wote. "Nisamehe, shangazi."

Akanitazama, akaomba maji. Wakili akampa chupa yake. Shangazi akajaza kinywa, akanipulizia kifuani, pwaa! shati, tai, kila kitu.

Wakili akaruka kitini. "Mama! Sasa huyu ndiye mwenye kesi!"

"Tulia, mwanangu," mmoja wa akina mama akamwambia. "Amemsamehe." Kwetu mkubwa akisamehe ndivyo anavyofanya, hasira hutoka na yale maji. Watu wa Jilore wakaitikia kwa vigelegele, na shangazi akafungua kikapu, akatoa hando, akalifunga kiunoni juu ya leso, pale pale. "Na yule kijana amelifunga kama turubali la lori. Mwandikie hivyo kwanza, kisha hayo ya kuku."

Wakili akaandika. Majibu hatujapata, lakini shangazi anakwenda sokoni na hando lake, na mtoto akiuliza habari za kuku humwambia, "Nenda kwa Karisa, ndiye anayechekeshwa nao."

Mimi nimejiapiza. Nikiulizwa jambo la sheria sijui, hata kama nalijua. Na kipindi kitakachotukana watu wetu nitakikasirikia kwa moyo wote, ila nitakitazama kwanza, peke yangu, mlango nimeufunga.