Kona ya Juu, Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, amepoteza jicho la kushoto na nusu ya la kulia. Kabla daktari yeyote hajalijua hilo, mimi nilikuwa nimeliandika kwenye daftari. Niliandika ili nimfunge sataranji.

Niseme kwanza kazi yangu, maana ndiyo inayonihukumu. Niko duka la miwani, mwaka wa kumi na tisa huu. Macho sipimi mimi. Anayapima daktari, chumba cha nyuma, kwa ile mashine inayopuliza upepo kwenye jicho ili kujua presha yake. Mimi nakata lenzi, nasaga kingo zake, naziingiza kwenye fremu. Nikikutazama usoni nakwambia sikio lako lipi liko juu kuliko mwenzake. Ndivyo nilivyo hodari.

Shemeji ni fundi cherehani wa sare za shule. Wateja humwita Futi, kwa sababu ukiingia tu mlangoni anakutajia kiuno chako, na akipima kwa futi anakuta ni hicho hicho. Tulianza kucheza kwenye simu, michezo ya dakika tatu tatu, kila mtu yuko kazini kwake. Mwaka mzima alinitandika. Akinifunga alinitumia ujumbe wa sauti: “Shemeji, sanda yako iko tayari. Pita uchukue, nimeshakukadiria urefu.” Mke wangu alizipenda jumbe hizo kuliko nyimbo za redioni.

Mimi nina hasira za karibu, na sipendi kuchekwa nyumbani kwangu. Nikaacha kucheza ovyo. Nikajiwekea sheria: nikifungwa, siruhusiwi mchezo mwingine mpaka niurudie ule niliofungwa, hatua kwa hatua, kwenye ubao mdogo wa mbao kando ya mashine ya kusagia. Kompyuta nisiiulize kwanza. Nitafute kosa kwa kichwa changu, kisha niliandike kwa sentensi moja. “Nimekimbiza malkia bila mpango.” “Nimefikiri sekunde arobaini jambo la sekunde tano.” Miezi mitatu tu, makosa yale yale yakaanza kunionea haya. Alama zangu zikapanda kutoka mia tisa hadi elfu moja na mia nne. Mke wangu alipoliona daftari alisema, “Ungejikagua hivi kwenye ndoa, mimi ndiye ningekuwa malkia.”

Yangeishia hapo, ningekuwa na sifa. Lakini nilipomaliza kukagua makosa yangu nikaanza kukagua ya shemeji. Nikaona jambo. Askofu wangu, yule anayekwenda mshazari, nikimweka kona ya juu kushoto ya ubao kama yeye auonavyo kwenye simu yake, Futi hamlindi. Anasahau kabisa kama yupo. Mchezo unaendelea, halafu ghafla askofu anashuka kutoka kule juu na kubeba ngome, naye anapigwa na butwaa. Nikaandika kwa wino mwekundu: “Kona ya juu kushoto. Halindi. Shambulia hapo kila mara.” Nikaanza kumfunga mara saba katika kumi. Nikamtumia na mimi ujumbe: “Futi, sindano imekugeuka?” Akacheka, akasema uzee huo.

Kipindi hicho hicho akaja dukani kuniambia uzi unamsumbua kuuona. Chumba cha daktari kilikuwa na foleni ya watu wanane. Nikamwambia shemeji mzima hakai foleni. Nikampa lenzi za kusomea, nikatoa sindano kwenye droo nimjaribu, akatunga uzi mara ya kwanza. Nikamgonga bega. “Macho ya kijana haya!” Akaondoka na furaha yake, na ile mashine ya upepo ilikuwa hatua sita kutoka tuliposimama.

Miezi kumi na minne baadaye baiskeli ilimgonga akivuka barabara. Ilitokea kushoto. Mwendesha baiskeli aliapa kwamba alipiga kengele na kwamba Futi alitembea tu kuifuata. Hospitalini walitibu goti, na daktari mmoja kijana, Mungu ambariki, akauliza kwa nini mgonjwa hazioni chupa za dawa zilizo upande wake wa kushoto. Presha ya macho. Haiumi, inakula uono wa pembeni kwanza, wa katikati inauacha mwisho. Ndiyo maana mtu anatunga uzi vizuri na hauoni ukuta. Matone ya kila siku yangeizuia. Sasa yatalinda kilichobaki tu, kilichokwenda hakirudi.

Kesho yake, saa ya chakula, nikalifungua daftari. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuwa ameshaota na meno. Maana mimi mwenyewe nilijua, mtu yeyote anayecheza anajua: leo ukishika weupe na kesho weusi, ubao kwenye simu hugeuka. Kona iliyo juu kushoto leo siyo iliyokuwa hapo jana. Mchezaji anaweza kuwa mbovu wa kulinda mfalme, au mwenye pupa na malkia wake. Lakini hawezi kuwa dhaifu kwenye kona ile ile ya kioo cha simu, ashike weupe au weusi, isipokuwa haioni. Mwuza samaki angesamehewa kwa kutolitambua hilo. Mimi nakata lenzi, na nililiandika kwa wino mwekundu.

Jumapili mchana nikaenda kwao, nimejiandaa kusema. Nilikuta dada anapiga pasi sare, Futi yuko kwenye kochi na goti lake limefungwa. Sijakaa vizuri, dada akaweka pasi chini.

“Mimi nilikuwa namcheka,” akasema. “Alivyokuwa akigonga mlango kwa bega, kila siku namcheka. Sikujua. Lakini wewe, mdogo wangu, unashinda na macho ya watu. Hukuona kitu hata kidogo?”

Nikafungua mdomo. Futi akanitangulia.

“Mwache ndugu yako, mama. Huyu angeona kitu, angenificha mimi? Si ndiye aliyenitengenezea miwani bila hata kunipanga foleni?” Akanigeukia kwa kichwa kizima, kama anavyogeuka siku hizi. “Au siyo, shemeji?”

“Ningekwambia,” nikasema.

Akatabasamu, akaniomba nihamie kiti cha upande wa kulia, apate kuniona vizuri.