Mtu Aliyenenepa Karatasini

Wagonjwa wa kliniki ya moyo walimwita Mama Michoro, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa nesi mpole, sauti yake haivuki meza, na alichoshindwa kukisema alikichora. Moyo aliuchora kama pampu ya maji. Madaktari walimtania kwamba chekechea inamsubiri, lakini wagonjwa walizikunja karatasi zake na kuziweka pamoja na vitambulisho.

Aliyojivunia zaidi ilikuwa ya mizani. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka hujaa maji mwilini kabla hajajijua. Akipanda kilo mbili kwa siku chache, anatakiwa aje kliniki mbio. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo akaondoa maneno yote. Akachora mtu mwembamba juu ya mizani, kisha mshale, kisha mtu yuleyule amejaa mashavu na miguu, kisha mlango wa kliniki.

Fundi viatu, mzee wa mizaha aliyebaki mifupa mitupu, alipewa karatasi na mizani ya kuazima.

“Huyu mnene ndiye mimi, mwanangu?”

“Ndiye wewe, mzee, ikitokea...”

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mzee akanyanyuka, akampigia saluti. “Basi tutaonana nikishaota kitambi!”

Mama Michoro akacheka naye, akamwita mwingine.

Wiki ya tatu mke wa fundi alikuja peke yake. Akaweka mizani mezani taratibu, na karatasi juu yake.

“Tumemzika Jumanne,” alisema. “Nimekuja kushukuru, mwanangu. Ameondoka na furaha. Kilo ya kwanza ilipopanda alipiga makofi. Ya pili akaita majirani. Viatu vikambana, akasema, ‘Fundi mzima nimeshindwa na viatu vyangu, miguu imeota nyama!’ Nami nikazidi kumpakulia.”

“Na huu mlango, mama? Hamkuuona?”

“Tuliuona. Si ndio anatoka hospitali, amepona?”

Mama Michoro aliivuta karatasi, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. Mwembamba, mshale, mnene, mlango. Mtu anapona, anakwenda zake nyumbani. Hakukuwa na namna nyingine ya kuisoma.

Mjane alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. Ingetosha kumwambia pole, aondoke na faraja yake nzima. Lakini benchi la nje lilikuwa limejaa.

“Mama, kosa ni langu. Ile haikuwa nyama, yalikuwa maji. Mchoro ulitaka mje mbio.”

Mjane alikaa.

“Kwa hiyo tulipokuwa tunapiga makofi...”

“Ndiyo, mama.”

Hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu, “Wangapi wanayo hii?”

“Thelathini na wawili.”

Mjane akachukua karatasi, akatoka hadi kwenye benchi, akainyoosha juu.

“Nani mwingine kapewa hii?”

Mwanamume mmoja wa makamo akainua yake, uso umejaa tabasamu. “Mimi, mama! Nina kilo tatu tayari. Leo nimekuja kuwaringishia.”

Mjane alimtazama miguu. Mikanda ya kandambili ilikuwa imezama kwenye nyama. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kumvua, na nyuma yake ile sauti isiyovuka meza ilikuwa inamwita daktari kwa kupiga kelele.