Dume la Ngitili

Mimi si mtu wa kukaa kitako, na mwaka ule kaka yangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba ndipo niliposhindwa kabisa kutulia. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa: kufungua duka, kuuza mitumba, kukata miti ya baba yako. Kaka alitafuta mtaji, na macho yake yakatua kwenye ngitili ya marehemu baba, nyuma ya nyumba yetu Kiseke, pale palipozungushiwa miiba ili malisho yasubiri kiangazi.

Humo ilisimama miti ya mng'ong'o, na hakuna miwili iliyofanana. Mama aliitaka ibaki kwa kumkumbuka mumewe. Mimi nilifundisha baiolojia sekondari, kule Mkuyuni, na nilijua imetoka mbali.

Nilimweleza kaka huku nikizunguka uani. Zamani sana maji yaliganda kuwa barafu katika nchi za mbali. Huku kwetu haikufika barafu, ulifika ukame. Hata ziwa hili tunalokaa kando yake lilikauka. Miti ikabaki vikundi vikundi kwenye mabonde yenye unyevu, kila kikundi kikizaana chenyewe, hadi kila kimoja kikawa na urithi wake. Mvua ziliporudi miti ikasambaa, na vikundi vilipokutana vikachanganyika: huu hauogopi ukame, ule hauguswi na wadudu. Palipofika mbegu za mti mmoja tu, yote ni tabia moja, na ugonjwa ukija unaizoa yote.

"Kumbe hayo mabonde yalikuwa ngitili," kaka akasema.

"Ndiyo hivyo. Na wewe unataka kuichoma mkaa."

"Basi mwalimu, usikasirike. Nitaacha mmoja wa mbegu."

Mmoja! Yote niliyosema yaliingia sikio hili yakatokea lile. Jumamosi iliyofuata nilikuta tanuri linafuka moshi, na hata visiki amevichimbua. Aliacha mti ulionyooka kuliko yote, kama baba alivyokuwa akichagua dume la mbegu zizini.

"Tazama umbo lake," aliniambia, na kweli alikuwa anajivunia. Nilitamani kulia.

Mti ule ulichanua kabla ya mvua. Kila Jumamosi nilikuwa chini yake, naenda, narudi, shingo juu. Maua yakapukutika. Sokoni matunda yake, ng'ong'o, yakaanza kuuzwa, mti wetu mtupu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mng'ong'o una dume na jike, lakini matunda yake huokotwa chini, hayachumwi, na miti ilipobanana vile hakuna kwetu aliyewahi kujua upi unazaa. Kaka alituachia dume, na majike yote yalikuwa yamekwenda mjini kwenye magunia.

Nilikwenda jikoni mbiombio. Mama alikuwa ameinamisha kibuyu cha kokwa za ng'ong'o za msimu uliopita, zilizookotwa chini ya miti yetu yote, anazivunja apate kiini cha kutia kwenye mboga. Nikamshika mkono wenye jiwe.

"We mtoto, hata salamu?"

"Shikamoo mama. Usizivunje hizo."

"Marahaba. Zimebaki hizi tu, kaka yako atakula nini?"

"Mama, ngitili ya baba ndiyo hii."

Aliniangalia, akaziangalia zilizokwisha kupasuka. Kisha akaliweka jiwe chini, akapiga magoti, akaanza kuokota zilizoviringika chini ya meza.