Bahasha ya Ndege Wawili

Watu wa Kashaulili, hapa Mpanda mjini, wananijua kama fundi redio, na siku hizi fundi simu, kwa sababu redio ama zimeacha kuharibika ama zimeacha kusikilizwa, sijui lipi. Wachache wanajua kwamba nakusanya bahasha. Hao wachache wameshanisamehe.

Si bahasha za kawaida. Ni bahasha za Marekani zilizogongwa muhuri maalumu. Kule, mji mdogo ukiwa na jambo lake, tuseme sherehe ya maboga, au daraja lao limetimiza miaka mia, posta ya hapo inachonga muhuri wa siku hiyo tu, wenye picha ya boga au ya daraja. Siku hiyo watu wazima wanasafiri kutoka mbali kwenda kugongewa bahasha ambazo mara nyingi ndani hazina kitu. Kesho yake muhuri unafungiwa kabatini na kila mtu anarudi kwake ameridhika. Nilipomweleza mke wangu haya kwa mara ya kwanza, aliniuliza kama hao watu wana mashamba.

Mimi yalinianzia kwenye redio. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeunda redio ya masafa mafupi kwa vipuri vya redio tatu zilizokufa. Hali ya hewa ikiruhusu nilikuwa nawapata Wamarekani. Nikakiandikia kituo chao kimoja kwamba Mpanda tunawasikia vizuri, ila mtangazaji wao wa jioni ana mafua. Walinijibu kwa postikadi yenye picha ya mnara, na barua yangu wakaisoma hewani pamoja na anwani. Miezi miwili baadaye ikaja bahasha kutoka kwa karani mmoja wa posta, wa mji ambao sikuuona kwenye ramani yoyote. Alisema amefurahi kusikia kwamba kuna mtu duniani bado anaandika barua ili kutoa taarifa ya mafua.

Basi kwa karibu miaka thelathini alinitumia bahasha nne au tano kila mwaka, pamoja na postikadi za madaraja, za mito na za sanamu za ng'ombe. Mimi nilimtumia stempu zetu za tembo kwa sababu ndizo alizozitaka, ingawa nilimweleza kwamba tembo huku anakula mahindi ya watu. Barua zake zilikuwa fupi. Aliandika habari za theluji, za mbwa wake na za goti lake la kushoto. Mbwa walibadilika, walikuwa watatu kwa jumla. Goti lilibaki lilelile. Kiingereza changu ni cha kamusi, kwa hiyo nami nilijibu kwa mtindo huohuo: mvua, mke, mgongo. Akastaafu, akazeeka, nikaanza kumwita mzee na hakukataa. Hatukuwahi kuonana. Nikiulizwa rafiki yangu mkubwa ni nani, nilikuwa namtaja mtu wa hapa mtaani, kwa kuona aibu.

Bahasha yake ya mwisho ilikuwa na muhuri wa ndege wawili wenye shingo ndefu, wanaotazamana. Ndani hamkuwa na kitu. Anwani yangu ilikuwa imeandikwa kwa mkono uliokuwa unatetemeka, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nikaiweka kwenye albamu, mfuko wa mwisho. Baada ya hapo kimya, miezi na miezi, halafu ikaja barua ya binti yake.

Aliandika kwamba baba yake amefariki. Safari yake ya mwisho kutoka nyumbani ilikuwa kwenda kwenye mji huo wa ndege. Binti ndiye aliyemwendesha, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na mzee alikuwa amepakata bahasha moja tu, ya kwangu. Alikataa kuandikiwa anwani. Baada ya hapo mkono ulikataa kabisa, hakuandika tena kitu chochote, hata jina lake. Binti alitaka kujua kama bahasha ile ilifika, na kama ilifika, nimpigie picha aone mwandiko. Chini aliweka namba yake ya simu.

Barua hiyo niliisomea dukani, mbele ya mteja, nikalia. Mteja akadhani simu yake haitengenezeki.

Nilikusudia kupiga picha siku hiyohiyo. Ila simu yangu mwenyewe kamera yake ilikuwa imekufa, na hakuna fundi anayetengeneza cha kwake. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo akaja dada yangu.

Dada yangu anaishi Kapalamsenga, kule ziwani, na alikuja na kiroba cha dagaa na kazi maalumu. Kijana wangu wa kwanza alikuwa amepata mchumba kijiji cha Mwamkulu, kwa familia ya wakulima wa mpunga, na barua ya posa ilikuwa haijapelekwa. Dada, kwa kuwa ndiye shangazi, aliona mambo yanazembewa. Mimi nilipewa kuandika barua yenyewe, maana nina mwandiko mzuri, na kununua bahasha. Barua niliiandika vizuri sana. Bahasha nikanunua ya kaki.

Hapa nakiri kosa. Mtu anayeweza kukaa nusu saa akiutazama muhuri wa boga la Marekani alikwenda stationari akamnunulia mwanawe bahasha ya kaki, ile ya kuwekea vyeti. Dada aliigeuza, akairudisha mezani, akasema kaki ni ya watu wanaoitwa mahakamani. Nikamwambia kinachosomwa ni barua. Nikaondoka kwenda parokiani kufunga spika.

Niliporudi, mshenga alikuwa ameshakwenda na kurudi. Mshenga wetu ni jirani, mstaafu wa reli, mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote isipokuwa kwa makosa ya treni. Alisema barua imepokelewa kwa vigelegele. Wale wazee wameipitisha bahasha mkono kwa mkono. Wamesema hawajawahi kuona posa iliyokuja na muhuri, na kwamba hii inaonekana ni familia iliyotembea. Nikauliza muhuri gani. Akasema ule wa ndege.

Nilikwenda kwenye albamu taratibu, kama mtu anayekwenda kutambua maiti. Mfuko wa mwisho ulikuwa wazi.

Dada hakuona tatizo. Alieleza kwamba alizikagua zote na zote zilikuwa tupu. Kwamba anwani yangu aliifunika kwa karatasi nyeupe, akaibandika kwa gundi, gundi nzuri, haitoki, na juu yake akaandika majina ya wazazi wa mchumba.

“Mdogo wangu, kuna ndege wawili wanatazamana, na kuna muhuri,” alisema. “Ulitaka niiache hiyo tupeleke kaki?”

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa bado yuko hai na anasoma. Kisha nikamweleza habari za mzee, za binti yake na za mkono uliokataa kuandika. Aliinuka akaenda kuanua dagaa wake. Aliporudi alisema kwamba angejua angechukua ile ya daraja.

Nikamwendea mshenga. Nilimwomba arudi Mwamkulu aombe bahasha tu, barua wabaki nayo. Yule mzee wa reli akanifafanulia, kwa upole wa kumfafanulia abiria aliyepanda behewa silo, kwamba posa ikirudishwa na wao, maana yake tumekataliwa. Ikiombwa na sisi, maana yake tumeghairi. Hakuna njia ya tatu. Nikasema bahasha si posa. Akaniuliza kama nataka aende kuvunja uchumba wa mwanangu kwa ajili ya ganda la barua. Nikaaga haraka, kwa sababu kuna dakika moja nilikuwa nataka.

Ikawa miezi. Majibu ya posa yakaja, yalikuwa mazuri, yalikuja kwenye bahasha nyeupe ya kawaida. Binti wa mzee sikumjibu. Sikujua namna ya kumwandikia mtu aliyefiwa kwamba mwandiko wa mwisho wa baba yake umefunikwa kwa gundi na uko kwa wakwe wa mwanangu. Kila nikipita posta nilikuwa naona aibu mbele ya jengo.

Siku ya kupanga harusi tulikwenda Mwamkulu watatu: mimi, dada na mshenga. Tulikula wali wa mpunga wao wenyewe, na kuku. Baada ya kula, baba wa mchumba, mtu mrefu asiye na maneno mengi, alileta faili la plastiki lenye vyeti vya ubatizo vya watoto wake wote. Juu ya vyeti ilikuwa imelala bahasha yangu. Muhuri ulikuwa mzima. Pembeni ya karatasi ya dada palikuwa pametokeza mkia wa tarakimu ya mwisho ya sanduku langu la posta, umepinda kwa ule mkono wa mzee. Nilipouona ule mkia nilishindwa kujizuia.

“Hiyo bahasha ni ya marehemu,” nikasema.

Mama wa mchumba akaondoa mkono wake mezani. Mshenga alifumba macho, nadhani alikuwa anaiona treni ikiacha reli. Kupeleka kitu cha maiti kwenye posa si jambo ambalo familia yoyote ya Mwamkulu ingelisamehe, na mimi ndiye nilikuwa nimelitamka, tena nimeshiba. Dada ndiye aliyeokoa. Alisema marehemu alikuwa mfanyakazi wa posta, mtu wa heshima, na wakati anaituma alikuwa hai.

Baba wa mchumba akaniuliza marehemu yupi. Nikaeleza yote, redio, mafua, maboga, safari ya saa tatu, binti anayesubiri picha. Alisikiliza akiwa anatazama sakafu.

“Alikuwa anakuandikia habari gani?” akauliza.

“Theluji,” nikasema. “Mbwa. Na goti lake.”

“Miaka yote hiyo?”

“Miaka yote.”

“Basi huyo alikuwa ndugu,” akasema. “Pole sana.” Hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole kwa kifo kile. Hata mimi sikuwa nimefikiri kwamba nastahili. Nikaona aibu kwa jinsi macho yangu yalivyokuwa. Kisha akafunga faili, akaniambia kwa utaratibu uleule kwamba barua ya posa hairudi, na kwamba hata mimi najua. Nikasema najua.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba spika nilifunga mwenyewe na hazikukoroma.

Siku chache baadaye mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye sasa anaishi kwenye vyumba vya uani, alikuja kunisalimia. Alipiga goti, akanipa faili la plastiki kwa mikono miwili. Alisema baba yake ameshikilia palepale, posa hairudi. Lakini yeye ameolewa, amekuja na vitu vyake, na barua hii iliandikwa kwa ajili yake, kwa hiyo imo kwenye vitu vyake. Ile karatasi ya shangazi aliibandua mwenyewe kabla ya kuja, kwa kuishikilia juu ya mvuke wa sufuria ya wali, asubuhi mbili mfululizo, nayo alikuwa ameiweka humohumo kwenye faili.

Nikaitazama bahasha. Gundi ilikuwa imeacha doa la njano. Tarakimu moja ilikuwa imeondoka na karatasi. Harufu ya dagaa ilikuwepo kwa mbali. Lakini jina langu lilikuwepo, herufi zote zimelala upande mmoja, na Mpanda, na Tanzania iliyopigiwa mstari mara mbili ili posta yao isikosee. Nililia tena. Mkwe akatazama kuku wa uani mpaka nilipomaliza.

Picha aliipiga yeye kwa simu yake, tukamtumia binti wa mzee, na mimi nikaandika kwa Kiingereza cha kamusi kwamba samahani kwa doa, bahasha ya baba yako ilipita kwenye posa ya mwanangu. Jibu lilikuja kesho yake. Alisema ndio mwandiko wenyewe. Alisema pia kwamba siku ile, kwenye gari, baba yake alikuwa anaulizauliza kama kweli itafika.

Nilipotaka kuirudisha bahasha kwenye albamu, mkwe wangu alinyoosha mikono yote miwili, kwa adabu kabisa, akaisubiri. Nikampa. Mfuko wa mwisho nimeweka ile karatasi nyeupe yenye mwandiko wa dada yangu, gundi na yote.

Bahasha iko chumbani kwake, ndani ya faili, kwenye sanduku la nguo. Nikitaka kuiona napiga hodi. Ananitolea, nakaa kwenye kigoda nasoma anwani yangu mwenyewe, halafu namrudishia.