Boti Aliyokataa Iende Skrepa

Lori lilipofika kando ya Mto Malagarasi kuchukua boti ya zahanati, Mama Ange alikuwa amekaa ndani ya boti hiyo, juu ya mchanga mkavu, miguu ameinyoosha.

"Mnipakie na mimi," alisema.

Jina lake hasa ni Ininahazwe. Kwa miaka minne alikuwa ndiye anayeiendesha boti ile ya alumini, akivusha chanjo, wajawazito na wagonjwa wa vijiji vya ng'ambo ambavyo barabara yao hukatika kila masika. Sasa ilikuwa imetoboka, na Bwana Theonest, afisa aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alikuwa na karatasi ya kuiuza kama chuma chakavu.

"Mama, boti imeoza," Theonest alimwambia kwa upole. "Alumini ikishaoza haina dawa."

"Imeozea wapi? Nionyeshe."

Theonest alionyesha tundu moja, la pili, la tatu.

"Yote yapo wapi, bwana afisa? Si yamezunguka bolti?"

Ni kweli. Mwaka uliopita mafundi fulani wa mjini walifunga viti vipya kwa bolti za chuma, kisha wakatandika zulia sakafuni. Zulia halikukauka hata siku moja. Chini yake alumini ilifanya unga mweupe, na pembeni ya kila bolti bati lililika likawa jembamba kama karatasi.

"Marehemu baba yangu, Habonimana, alikuwa anaziba sufuria," alisema Mama Ange. "Sufuria ukiiziba kwa msumari wa chuma, haimalizi mwaka. Msumari unabaki mzima, sufuria inaliwa. Chuma na alumini vikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoumia."

"Kwa hiyo wewe ni fundi wa sufuria."

"Na hii ni sufuria kubwa."

Dereva wa lori alicheka. Theonest hakucheka. Uso ulimbadilika, akasema neno ambalo baadaye alilijutia: "Nyie mmetoka Burundi juzi tu, leo mnataka kutufundisha kazi."

Mama Ange hakusimama. Alitoa kitambulisho cha uraia kutoka kwenye pindo la kitenge, akakiweka juu ya goti.

"Nimezaliwa Kasulu. Wewe umefika lini?"

"Januari," Theonest alijibu, sauti imeshuka.

Zaitun, nesi wa zahanati, ndiye aliyewaamua. Aliandika barua kwamba zahanati inaomba mwezi mmoja. Theonest akaisaini akiwa ameinama, lori likarudi tupu.

Kazi ilianza kesho yake. Mama Ange aling'oa zulia akalitupa. Akang'oa bolti zote. Jirani mmoja, Leonidasi, alimletea brashi ya waya ya kusugulia, naye akaikataa palepale: ile inaacha vumbi la chuma kwenye bati, na ugonjwa unaanza upya. Alisugua kwa brashi ya nguo na maji ya mto mpaka mabega yakawaka moto. Viraka alikata kwenye alumini tupu, akavipiga ribiti za alumini, vile vipini vinavyopondwa ncha vishike bati. Viti akavirudisha kwa bolti mpya, lakini safari hii kila bolti aliivisha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ili chuma kisiguse bati popote.

Siku ya kuijaribu, maji yaliingia. Watu waliokuwa wanafua waliguna. Alikuwa ametumia ribiti fupi kwenye kiraka cha mbele.

"Mama Ange, basi inatosha," Zaitun alisema. "Umejitahidi."

"Sijamaliza, dada."

Akaivuta nchi kavu, akaking'oa kiraka, akakipiga upya. Safari ya pili sakafu ilibaki kavu.

Zaitun naye alimpigia simu kaka yake, fundi wa boti Tanga. Huyo akaeleza kwamba boti hufungwa kipande cha metali nyingine kinacholika badala ya bodi: kwenye bahari ni zinki, kwenye mto ni magnesiamu. Akawatumia kimoja kwa basi, na Mama Ange akakifunga nyuma, bati kwa metali, bila mpira katikati, kama alivyoelekezwa, maana hicho lazima kiguse bati ndipo kiliwe badala yake.

Theonest aliporudi, alivushwa ng'ambo na kurudishwa. Aliikagua sakafu kwa kiganja, akaichana karatasi yake ya mauzo. Kisha akasema, "Mama, lile neno la siku ile, nisamehe." Mama Ange alimwambia amemsikia, basi.

Wiki mbili baadaye afisa alituma zawadi kwa basi: kopo la rangi nyekundu ya boti. Zaitun alisoma maandishi ya ubavuni, akakuta ina shaba. Mama Ange akalirudisha na basi lilelile.

"Hata rangi ya bure unakataa?" Theonest aliuliza kwenye simu.

"Shaba ni mbaya kuliko chuma. Nakataa."

Masika yale barabara ilikatika tena, na boti ilivuka kila siku, bila rangi, viraka vyake vikionekana kutoka ng'ambo.