Kadi Thelathini za Kwenda Kongo

Kadi za mkono nilianza kuziuza Mayfair, hapa Johannesburg, kwenye kona niliyopewa ndani ya duka la Msomali mmoja anayeuza kanzu na mabaibui. Zilikuwa kadi za Idi na za harusi: karatasi ngumu nyeupe, mwezi wa karatasi ya dhahabu, maua niliyoyakata kwa mkasi mdogo wa kucha. Ijumaa watu wakitoka kuswali walisimama wakazigeuzageuza, na baadhi yao wakanunua. Siku nyingine nilishinda chumbani kwangu Bellevue nikikata na kubandika. Mikono yangu haijui kukaa bure. Nikikosa cha kukata, nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Siku moja aliingia dukani mwanamke aliyevaa sare ya unesi. Hakuwa Mwislamu wala mtu wa mtaa ule; alikuwa amepita kutafuta mashuka. Aliishika kadi moja ya Idi, akaitazama kwa muda, halafu akaniuliza kwa Kiingereza, "Sisi, unaweza kunitengenezea kama hizi, lakini za askari?"

Kwao "sisi" ni dada. Nimeishi Johannesburg miaka kumi na moja, na mpaka leo nikiitwa hivyo nahisi kama mtu ameanza kusema jambo linalotuhusu sote, kisha akanyamaza.

Alinieleza kwamba binti yake, kitinda mimba, ni askari wa miguu, na kikosi chao kilikuwa kimepelekwa mashariki ya Kongo. Mama wa askari wale walikuwa wanafahamiana na kuandikiana kwenye simu. Walikuwa wamekubaliana kila mtoto apelekewe kadi iliyotengenezwa kwa mkono, yenye bendera ya nchi, na maneno ya kumwambia kwamba taifa linamheshimu. Thelathini kwa jumla.

"Za dukani zina picha za paka na mawaridi," alisema. "Mwanangu analala na bunduki."

Nilikubali kabla sijafikiri. Nilianza kufikiri nilipokuwa narudi, nimesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa, nikingoja rangi ibadilike. Wiki zilezile kulikuwa na vikundi vya watu wanaopita madukani wakiwauliza wageni vitambulisho. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kimeisha na cha upya kilikuwa hakijatoka. Nilikuwa nimezoea kuvuka barabara nikiona watu zaidi ya watano wamesimama pamoja. Na sasa nimeahidi kuandika kwa niaba ya taifa lao. Rangi ya robot ilibadilika nikabaki nimesimama, mpaka mtu nyuma yangu akasema, "Eish, mama, tembea."

Jambo jingine lililonisumbua lilikuwa jirani yangu. Nyumba yetu ya Bellevue zamani ilikuwa ya familia moja. Sasa imegawanywa kwa mbao ikawa vyumba saba. Chumba kilichopakana na changu alikaa mama wa Kikongo, mshonaji, aliyefanya kazi kwenye karakana moja huko Jeppestown. Alikuwa mtu wa Kivu, kulekule walikopelekwa wale askari. Alitoka huko kwa miguu na watoto wawili, nami sikuwahi kumuuliza walikuwa wangapi walipoanza safari.

Nilianza na bendera. Nilikata pembetatu nyeusi, ukanda wa manjano, kijani kinachotanuka kama njia panda, nyeupe nyembamba juu na chini, kisha nyekundu na buluu. Vipande vingi mno kwa bendera moja. Vile vyeupe vilikuwa vyembamba kama uzi wa tambi, na gundi ilivikunja kila nilipovishika. Siku ya pili jirani yangu aliingia kuniletea vitambaa vilivyobaki kazini, kama alivyozoea, akakuta kitanda kizima kimefunikwa na bendera.

"Hii ni ya hapa?" aliuliza.

"Ya hapa, dada."

"Ya kufanya nini?"

Nilimweleza. Alikaa kwenye ncha ya kitanda, akasogeza kadi moja kwa kidole.

"Basoda ya hapa banaenda kwetu," alisema, kama mtu anayejikumbusha; kwao askari ni soda, wakiwa wengi basoda. Kisha akaniambia, "Mie nikiona basoda, siulizi ni ya nani. Nakimbia. Nikiisha kufika mbali, ndipo nauliza."

Nikamuuliza swali ambalo labda sikupaswa kumuuliza: ndani ya kadi niandike nini? Maneno ya taifa yalikuwa yananikwama.

"Andika barudi kwao," alisema, akasimama, akaenda kupika.

Niliandika kwa Kizulu, maana yule nesi alikuwa Mzulu na niliwahi kusikia maneno yale kwa wenye nyumba: Buya ekhaya. Rudi nyumbani. Niliyaandika kwa wino wa buluu, taratibu, nikijua kabisa kwamba jirani yangu hakuyatoa kwa maana ambayo wangeyapokea.

Nesi alipokuja kuangalia kazi nilikuwa nimemaliza kadi kumi na mbili. Nilizipanga mezani. Alizitazama, kisha akaishika moja na kuigeuza juu chini.

"Sisi, nyekundu inakaa juu," alisema kwa upole. "Jeshini bendera ikipinduliwa, maana yake watu wako hatarini."

Zote kumi na mbili nilikuwa nimeziweka buluu juu. Miaka kumi na moja naiona bendera ile kwenye posta, kwenye shule, kwenye fulana za mpira, na sikuwa najua juu yake ni wapi. Nilianza kuomba radhi bila mpangilio, lakini alikuwa ameshaifungua ile kadi. Alisoma maneno ya ndani akaziba mdomo kwa mkono.

"Nani amekupa maneno haya?"

"Jirani yangu. Anatoka huko Kongo."

"Mwambie nimemshukuru," alisema, macho yamelowa. "Mwambie naye ni mama."

Sikumweleza zaidi. Alipoondoka nilishindwa kukaa. Nilibandua bendera moja, nikaharibu kadi, nikabandua ya pili. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi. Nilikuwa nimefanya uongo au sikufanya? Jioni nilimpelekea jirani yangu shukrani zile kama nilivyoagizwa. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kumenya ndizi.

Kadi zikaisha, thelathini, nyekundu juu. Nesi alikuwa azichukue Jumamosi. Alhamisi redio ikasema kumekuwa na mapigano karibu na kambi yao huko Kongo, na kwamba askari wa hapa wameuawa. Majina yangesomwa familia zikishaambiwa. Jumamosi nesi hakuja. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Jumapili vilevile. Nilizihamisha kadi kutoka mezani kwenda kabatini, kisha nikazirudisha mezani, maana kuzificha kulikuwa kama kukata tamaa. Nilikwenda kwenye spaza, duka dogo la mtaani, mara tatu kununua maziwa ambayo sinywi.

Jirani yangu naye hakukaa. Dada yake aliyebaki huko alikuwa hapatikani. Siku zile tulikuwa tukikutana kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, kila mmoja ameshika simu yake, kila mmoja anasikiliza mlio wa mtu asiyepokea. Redio ilikuwa chumbani kwangu na mlango niliuacha wazi ili naye asikie.

"Inataja basoda tu," aliniambia siku moja. "Batu bengine habana hesabu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nawahesabu, lakini ningekuwa nadanganya. Mimi nilikuwa nangoja jina la mtoto mmoja.

Jumatano asubuhi nesi alikuja. Aliingia bila kubisha, akaketi, akavua viatu. "Yuko hai," alisema. "Wangu yuko hai."

Kisha akatoa karatasi yenye majina ambayo yalikuwa yaandikwe kwenye bahasha, akaniwekea kidole kwenye jina moja. Kijana wa mama mmoja anayekaa mtaa wa pili kutoka kwake. Alizichukua kadi ishirini na tisa na ya thelathini akaisukuma kwangu. "Hii usinipe," alisema. Akaniomba nimtengenezee mama yule kadi nyingine, wampelekee siku ya mazishi.

Nilijaribu kutwa nzima. Nikiweka bendera, nakumbuka kwamba bendera ya kitambaa ataiona juu ya jeneza. Nikiweka maua, yanakuwa ya harusi. Jirani yangu aliporudi kutoka kazini alikuta sakafu imejaa karatasi zilizochanwa, nami nimesimama katikati. Hakuuliza. Nilimweleza mwenyewe. Alikaa, akachukua karatasi nyeupe isiyo na kitu, akatoa sindano na uzi mweusi kwenye mkoba wake, akaanza kushona pembeni, mshono mdogomdogo, akizunguka karatasi yote. Katikati hakuweka kitu.

"Iachwe vile," alisema.

"Lakini dada, huyu alikuwa soda."

"Hii si ya soda. Ni ya mama yake."

Niliitia kwenye bahasha kama alivyoiacha. Nesi aliniambia baadaye kwamba yule mama alipitisha kidole kwenye mshono muda wote wa ibada. Siku mbili baada ya mazishi, dada wa jirani yangu alipiga simu kutoka mji mwingine. Alikuwa amekimbia, yeye na mkwewe, na simu aliiazima. Niliwasikia kupitia ukuta wa mbao wakilia na kugombana kuhusu nani alipaswa kumpigia nani.

Miezi ilipita kabla yule binti hajarudi. Mama yake alimleta kwetu mchana mmoja wa Jumapili kunishukuru. Alikuwa mrefu, mkimya, na alichagua kiti kilichotazama mlango. Kadi ziliwafikia wakiwa wanafunga mizigo ya kurudi, alisema, na wenzake walicheka kwamba wanaambiwa warudi nyumbani na ndege imeshapakiwa. Wengine walizibandika ndani ya masanduku yao. Yeye yake alikuwa ameipoteza na aliona aibu kuniambia. Nilimwambia haidhuru, nami sikusema kwa adabu tu.

Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia. Binti alimwona, akanyanyuka.

"Jambo mama," alisema kwa Kiswahili. "Habari ya nyumba? Watoto wanaikala muzuri?"

Jirani yangu aliduwaa. "Ulijifunza wapi?"

"Pa geti ya kambi. Kwa bamama ya kuuzisha avoka," alisema, akimaanisha wauza maparachichi.

Basi aliingia akakaa karibu naye. Binti alifungua simu yake kumwonyesha picha. Kila picha ilikuwa na askari mbele, wanatabasamu na kofia zao, lakini jirani yangu alikuwa akizikuza kwa vidole viwili na kuwapita, akitafuta nyuma yao: ukuta wa mawe meusi, mwanamke aliyebeba beseni, kipande cha barabara. Aliuliza kama kanisa la kilimani bado lina paa. Binti hakujua kanisa lipi. Aliuliza kuhusu soko. Soko lilikuwepo, lakini upande mmoja uliungua. Aliuliza upande upi, na binti akachora mezani kwa kidole, wote wawili wameinama, mpaka mama yake akasema zamu yake hospitali imekaribia.

Tuliwasindikiza mpaka kwenye geti. Tulipokuwa tunarudi ndani, jirani yangu aliniambia kwamba Kiswahili cha yule binti ni kibaya sana, tena ndicho kilekile cha sokoni kwao.